Nilipigwa, na beji nyingine nilizochora

Kazi ya beji iliniangukia kwa sababu ya mdomo wangu. Niliwahi kusema mbele ya watu kwamba najua kuchora kwa pikseli, na kundi letu la wakusanyaji wa gemu za zamani lilipofika mahali kila mtu anataka kitu cha kuning'iniza kando ya jina lake, macho yote yakanigeukia. "Si ulisema unachora?" Nilisema. Nikachora.

Seti ya kwanza tuliipanga kwa jioni moja, na wepesi huo peke yake ulitosha kutushtua. Gemu 10, shaba. Gemu 50, fedha. Gemu 250, dhahabu. Gemu 1,000, almasi. Nilichora katriji moja, yaani kile kisanduku cha plastiki chenye gemu kinachochomekwa kwenye mashine, nikaipaka rangi nne, nikaenda kulala na amani yangu.

Haukupita hata mwezi. Jamaa mmoja aliyekuwa amekwama kwenye 180 na ushei aliruka hadi 260 katika mwisho wa juma mmoja. Nilipoipitia orodha yake nikacheka peke yangu. Alikuwa amebeba shehena ya gemu za mpira wa miguu, zile zinazotoka kila mwaka na ambazo mwaka ukigeuka hakuna anayezitaka. Alizinunua kwa katoni, nakala nne nne za mwaka uleule. Nilipomuuliza alinijibu bila chembe ya aibu: "Kaka, ulisema 250. Hizi si 250?" Zilikuwa 250, tena na zaidi. Sikuwa na la kusema.

Juma hilohilo nikaiona orodha ya mtu mwingine, gemu 14 tu. Lakini zote 14 zilikuwa za Virtual Boy, ile mashine ya Nintendo ya mwaka 1995 unayoiinamia kama mtu anayechungulia kisima, nayo ikakuonyesha kila kitu kwa wekundu na weusi. Haikumaliza hata mwaka sokoni. Kwa Marekani zilitoka gemu 14 basi. Ukijumlisha na zilizotoka Japani peke yake unafika 22. Huyu alikuwa nazo zote za Marekani, na boksi zake, na vijitabu vyake, na chini ya kila moja ameeleza aliipataje na ilimchukua muda gani. Mfumo wangu ukamtazama mtu huyu, ukampa shaba. Yaani yuko sawa na mwenye nakala kumi za mpira wa mwaka juzi.

Niliumia, nikakaa chini kusoma waliotangulia walifanyaje.

Wenye mashine kubwa walishajikwaa palepale. Xbox 360 ilipotoka mwishoni mwa 2005 ilikuja na pointi za mafanikio, na gemu ya diski ikawa na pointi 1,000 za kugawa. Mwaka 2007 ikatoka gemu moja ya Avatar, The Burning Earth, ambayo pointi zote 1,000 zilipatikana ndani ya dakika chache, kwa kurudia pigo lilelile umesimama palepale. Watu wakaisaka kama dawa. Walioisaka wala hawakutaka kuicheza. Pointi zikishaingia, diski inatoka. Gemu ambayo pengine ingesahaulika ikawa na wateja kwa sababu ya kosa la aliyepanga beji zake. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka yule bwana wa katoni, nikamsamehe kabisa.

Lakini kisa kilichonishika ni cha nyuma zaidi, cha siku ambazo beji ilikuwa kitambaa hasa, chenye uzi wa tarizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Activision, iliyokuwa ikitengeneza katriji za mashine ya Atari 2600, iliwaambia wachezaji: ukifikisha alama kadhaa, piga picha skrini ya televisheni yako, ututumie kwa posta, nasi tutakutumia beji ya kushona kwenye nguo. Kwa Pitfall! ilikuwa alama 20,000. Kwa River Raid, 15,000. Kwa Kaboom!, 3,000, na ukishaipata unahesabiwa mmoja wa Bucket Brigade, kikosi cha ndoo, maana katika gemu hiyo kazi yako ni kudaka mabomu kwa ndoo.

Hebu fikiria usumbufu wake. Umefikisha alama, mikono inatetemeka, na kamera ni ya filamu, hujui picha imetokaje hadi isafishwe. Ukipiga kwa mwako wa kamera, kioo cha televisheni kinarudisha mwanga na namba zinapotea. Kwa hiyo unazima taa, unashikilia kamera isitikisike, unaomba Mungu. Kisha unasubiri filamu iishe, unasubiri isafishwe, unasubiri posta iende na irudi. Kitambaa kinapofika, kimeshabeba majuma ya maisha yako. Leo vitambaa hivyo vyenyewe vinakusanywa, na ninaelewa kwa nini.

Tena kisa hicho kina upande wake mchungu. Katika Dragster, gemu ya mbio za magari ya kampuni hiyohiyo, kulikuwa na rekodi ya sekunde 5.51 iliyokubaliwa mwaka 1982 na ikasimama kwa miongo. Baadaye watu waliichambua programu ya gemu yenyewe, mstari kwa mstari, wakaona muda wa chini kabisa inaoweza kuutoa ni 5.57. Mwaka 2018 rekodi ikafutwa. Zaidi ya miaka 35 ya heshima, na ushahidi wa mwanzo hakuna anayeweza kuutoa mezani. Tangu niliposoma hayo, nikipanga beji yoyote najiuliza kwanza: mtu akija miaka ishirini kutoka leo akauliza "ilithibitishwaje?", kuna kitu cha kumwonyesha?

Basi nikafuta ubao. Nikaacha kuuliza mtu ana gemu ngapi, nikauliza mkusanyaji hufanya nini hasa, kwa mikono yake, siku ambayo hanunui chochote. Hapo kukawa na mengi. Anafuta gundi ya bei iliyogandia kwenye lebo. Anasugua meno ya katriji kwa pamba na spiriti hadi pamba itoke nyeupe. Analinganisha chapa mbili za gemu moja hadi agundue kwamba boksi la pili limesahihishwa kosa la herufi. Anafungua, anarekebisha, anafunga. Na mara mojamoja, anacheza.

Beji ya kwanza ya seti mpya niliita "Nilipigwa".

Wanaokusanya watanielewa. Katriji feki za Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, zimejaa, na nyingine zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba hata mzoefu anaingia kichwakichwa. Aliyepigwa kwa kawaida hunyamaza. Anaisukuma ile feki nyuma ya kabati, na maarifa aliyoyalipia kwa hela yake yanaoza naye. Nikaweka sharti: ukinunua feki, ukaifungua, ukapiga picha bodi ya ndani na kueleza kilichokudanganya, unapata beji. Picha yake ni katriji iliyovaa masharubu ya bandia. Niliifanya kama utani.

Ndiyo iliyovuma kuliko zote. Watu walitoa makabatini vitu walivyovionea haya miaka. Mmoja alileta tano kwa mpigo, akaandika juu yake "Mimi ndiye mwenyekiti wenu." Ndani ya miezi michache tukawa na mkusanyo wa picha za bodi ambao hakuna mtu mmoja angeweza kuukusanya. Ukitazama lebo halisi ya katriji ya Game Boy Advance kwa kuiinamisha kwenye mwanga, utaona tarakimu zilizogandamizwa kwenye karatasi, hazikuchapwa kwa wino; feki nyingi hazina. Ukichungulia juu ya meno ya katriji hiyo, bodi halisi ina jina la Nintendo. Na ukifungua ukakuta tone jeusi la gundi ngumu mahali ulipotarajia chipu zenye miguu, anza kuwa na wasiwasi. Haya yote yalikuwa vichwani mwa watu. Yalisubiri tu kibali cha kusema nilipigwa bila kuchekwa.

Jina lenyewe lilisaidia, nadhani. Nilikuwa na orodha ndefu ya majina ya kifahari: Bingwa, Mfalme wa Rafu, Simba wa Katriji. Niliyatupa yote. Mtu mzima haandiki "Mfalme" kando ya jina lake kisha akatarajia kuheshimiwa. Nikaamua kila beji iwe kitenzi, kwa kinywa cha aliyeipata: Nilisafisha. Nililinganisha. Nilimaliza. Hiyo Nilimaliza ni ya aliyecheza gemu ya kwenye rafu yake hadi mwisho, na utashangaa jinsi inavyotoka kwa tabu. Kuna watu wana rafu tatu na hawajaona mwisho wa gemu hata kumi.

Kuhusu kuchora kwenyewe ningeweza kuzungumza hadi kesho, ila nitajizuia. Kosa la kila anayeanza ni kuchora beji kubwa, nzuri, yenye vivuli, kisha kuipunguza. Ikifika pikseli 32 kwa 32 inakuwa uji. Anza hapohapo padogo. Susan Kare alipochora alama za kompyuta ya Macintosh ya 1984 alianzia kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa pikseli moja, 32 kwa 32, na alama zake hadi leo mtu anazitambua. Mimi nilijifunga kamba nyingine: rangi tatu tu na uwazi, sheria ileile iliyowabana waliokuwa wakichora wahusika wa NES, mashine ya Nintendo ya miaka ya 1980, ambako kila kipande cha picha kilichukua rangi tatu na ya nne ikawa ni pasipo na kitu. Kuna aliyeniambia najitesa bure. Labda. Lakini beji zikipangwa kumi kwenye mstari zinafanana kama watoto wa nyumba moja, na hilo halikuja kwa bahati.

Beji ya betri, ya aliyebadilisha ile betri ndogo inayotunza mchezo ndani ya katriji, ndiyo iliyonitoa jasho. Mduara, mng'ao mmoja juu kushoto: kitufe. Nikaongeza ukingo: sarafu. Nikaupaka kijivu: kifuniko cha shimo la maji taka, hayo ni maneno ya mwanachama mwenyewe. Nikaweka alama ya kujumlisha katikati, ikawa dawa ya hospitali. Mwisho nikafungua katriji halisi, nikaiweka mezani, nikaitazama kwa macho badala ya kumbukumbu. Betri ya ndani ya katriji haikai peke yake. Ina vile vibati viwili vilivyoshikizwa, kimoja juu kimoja chini, vinavyoishikilia kwenye bodi kama mikono. Nikaongeza vibati hivyo, pikseli nne kila upande, na papo hapo ikawa betri. Siku tatu kwa pikseli nane.

Rangi nazo zilinifunza adabu. Zile shaba na dhahabu zangu za awali, bwana mmoja aliniuliza kwa upole kama ni beji mbili au moja. Hatofautishi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, inakadiriwa mwanamume 1 kati ya 12 ana upungufu wa kuona rangi, hasa nyekundu na kijani, na katika kundi lililojaa wanaume kama letu hiyo si idadi ya kupuuza. Sasa daraja linaonekana kwa umbo: pembe moja iliyokatwa, pembe mbili, pembe nne. Rangi imebaki pambo.

Wahusika wa gemu sikuchora hata mmoja. Wana wenyewe, na wenyewe wana mawakili.

Palikuwa na ugomvi mmoja wa kweli. Mwaka 2021 nakala ya Super Mario 64 ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56, na mwezi uliofuata nakala ya Super Mario Bros. ikauzwa kwa dola milioni 2. Tangu hapo kuna wanachama wanaotaka beji ya gemu zilizofungwa, zilizopimwa na kutiwa kwenye boksi la plastiki gumu na namba juu. Nilikataa, na bado nakataa. Sina ugomvi na anayenunua hizo. Hela ni yake. Lakini ushahidi wa beji hiyo ungekuwa risiti. Walioniita mwenye wivu hawakukosea sana, kusema kweli, ila wivu wangu hauifanyi risiti iwe kazi.

Swali gumu zaidi lilikuwa hili: beji zitangazwe au zifichwe? Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walifanya jaribio na watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. La pili walichora, wakapewa cheti kwa kushtukizwa. La tatu hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili, walioahidiwa walikuwa wakichora kwa muda wa karibu nusu ya wenzao wa makundi mengine. Walioshtukizwa hawakupungukiwa na hamu. Nililisoma hilo mara mbili, nikaficha theluthi ya beji zangu. Hazimo kwenye orodha, hazina masharti yanayoonekana, zinakujia tu siku umefanya jambo. Siri ilidumu siku mbili kabla mtu hajaandika orodha nzima. Wakusanyaji bwana! Ukificha kitu ndiyo umewapa kazi. Nikaacha kuficha beji nikaanza kuficha siku: masharti yanajulikana, lakini naigawa ninapoipitia kazi yako kwa macho yangu, wakati wowote, na maneno mawili matatu ya kwako peke yako. Ni kazi kubwa. Sijapata njia nyepesi.

Zile beji za idadi nilitaka kuzifuta. Nilipotangaza nia hiyo nilipata ujumbe kutoka kwa yule bwana wa katoni: "Kaka, unanivua nguo barabarani." Kuna watu hawakuwahi kuitazama ile dhahabu hadi waliposikia inaondoka. Tukakubaliana zibaki kwa waliozipata, zimeandikwa mwaka wake, na hazitolewi tena. Tayari sasa zinaitwa "za kale" na wapya wanazitamani. Wakusanyaji, nilishasema.

Ninayotaka kumalizia nayo ni ile ya betri, kwa sababu nilidhani nimeipatia.

Katriji nyingi za zamani hutunza mchezo wako kwa betri ndogo ya duara iliyolehemewa kwenye bodi. Betri ikifa, kila ulichohifadhi kinafutika. Kuibadilisha si uchawi: bisibisi ya kichwa maalumu cha milimita 3.8 kwa skrubu za Nintendo, pasi ya kulehemu, betri mpya yenye vibati vyake, na subira. Lakini ukiitoa ya zamani, hifadhi nayo inakwenda, isipokuwa umeinakili kwanza kwa kifaa chake kwenda kwenye kompyuta. Beji yangu, "Nilibadilisha", ilidai picha ya kabla na ya baada. Safi kabisa, nilidhani. Kazi ya mikono, ushahidi upo, gemu inaishi.

Dada mmoja akaniandikia. Ana The Legend of Zelda ya NES, katriji ya mwaka 1987, na betri yake ya kwanza bado inafanya kazi. Kwenye nafasi ya kwanza ya hifadhi kuna jina la mtu asiyemjua, mwenye katriji wa zamani, na chini yake ile namba inayoonyesha amekufa mara ngapi: 143. "Nikiitoa betri napata beji," aliandika, "nikiiacha nakosa. Sasa kaka, huyu mtu nimfanyeje?"

Nilimweleza habari ya kunakili. Akasema anaijua, kifaa anacho, na hifadhi alishainakili tangu mwaka juzi. Ila anapenda kuwasha mashine na kumkuta pale, kwenye betri yake mwenyewe, hadi itakapokatika.

Usiku ule nilifungua miraba yangu 32 kwa 32. Nikachukua betri ileile, na vibati vyake vya pikseli nane, nikaondoa mng'ao juu kushoto. Hakuna kingine. Nikaiita "Niliacha". Nikampelekea bila kumwambia, akaikuta kando ya jina lake asubuhi.

Miezi kadhaa baadaye alituma picha ya skrini yake, imepigwa gizani, taa imezimwa. Nafasi ya kwanza iko vilevile, 143. Kwenye nafasi ya pili kuna jina lake yeye. Amekufa mara 61.